Kurasa Zilizofungia Bajia

Mwanangu Zuhura,

Salamu nakupa, ingawa nimekuona asubuhi. Umeondoka hapa umenuna, mdomo umeuvuta mpaka nikaogopa utajikwaa nao njiani. Umekwenda Manzese kununua begi na blanketi kwa sababu nimekulazimisha. Ukirudi na begi nitajua umekubali kwenda chuo Mbeya kesho. Ukirudi mikono mitupu nitajua una kichwa kigumu kama changu, na hapo ndipo barua hii itakapofanya kazi. Vyovyote itakavyokuwa, isome leo, usingoje kupanda basi.

Sitakuandikia habari za kufua, kupika wala kufunga mlango kabla ya kulala. Hayo nimekuambia tangu uko darasa la tatu na mpaka leo taulo bichi unalitupa kitandani. Mbeya kuna baridi, soksi utavaa utake usitake. Ninachotaka kukueleza ni kwa nini juzi nilisema hivi na leo nimesema vile, maana najua hilo ndilo lililokuchoma. Uliniuliza, "Mama, juzi ulitaka nikae, leo unanifukuza?" Chai ikakupoa mkononi. Nilishindwa kukujibu kwa sababu shangazi yako alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, ametega sikio.

Basi naandika. Nimekaa pale pale unapopajua, kwenye mkeka chini ya dirisha, na nguo zangu nyeupe. Dirisha linatazama ukuta. Tangu baba yako afariki nimeujua ukuta ule kuliko kiganja changu. Pana ufa umeanzia chini ya tangi la maji ukapanda mpaka kwenye vile vipande vya chupa vya juu, na pana mjusi anayeishi humo ndani. Nyuma ya ukuta nasikia malori ya kokoto, nasikia watoto wakitoka shule, nasikia muuza samaki anavyobishana na jirani. Nasikia tu, sioni. Eda ni miezi minne na siku kumi, na bado sijafika hata katikati.

Siilalamikii. Ni haki ya baba yako, na ningemkalia hata zaidi ya hapo. Lakini kuna saa za mchana, hasa baada ya adhuhuri, chumba hiki kinanibana kifua. Nasimama, naenda mpaka mlangoni, narudi. Wifi yangu ananiuliza, "Unatafuta nini, wifi?" Namjibu natafuta tasbihi. Tasbihi iko mkononi, anaiona, na mimi namwona anaiona.

Nawe uliliona hilo, ndiyo maana ukaniletea kile kitabu. Nakumbuka ulivyoingia nacho umekificha ndani ya mtandio, unacheka peke yako. "Mama, si ndicho hiki ulichokuwa unanihadithiaga? Nimekikuta Manzese, jamaa kavimwaga chini kwenye turubai. Nilivyoona jina nikapiga ukelele, watu wakadhani nimeibiwa." Nilipokishika nililia, ukadhani nalia kwa sababu ya baba yako. Nililia kwa sababu ya jalada. Lile lango jeupe, na yule msichana amelipa mgongo, nyayo zake zimechorwa na matone. Nilikuwa sijaliona tangu nikiwa msichana wa Temeke mwenye magoti yenye vumbi.

Unaijua hadithi, nimekusimulia mpaka ukawa unanisahihisha. Mji wa Chumvi, umejengwa kwa chumvi kuanzia msingi hadi paa, na watu wake wanaogopa mvua kuliko kifo. Hakuna ruhusa ya kutoka, maana anayetoka anaweza kurudi na unyevu miguuni akauyeyusha mji. Siwema, msichana mmoja asiyesikia la mtu, anasikia mvua ikinyesha mbali. Usiku anatoka kwenda kuitafuta. Huko njiani anakutana na jitu linalobeba nyumba yake mgongoni, na jini anayeuza upepo kwenye vibuyu, na ndege anayesema kwa sauti za watu waliokufa.

Nikakianza pole pole, kama mtu anayekula kitu ambacho hataki kiishe. Na nikapata mshangao wa kwanza. Lile jitu, Zuhura! Katika kumbukumbu yangu lile jitu lilikuwa nusu ya kitabu. Nilikuwa nalo utoto wangu wote, nililala nalo, nilikwenda nalo kisimani. Ukiniuliza ningekuapia kwamba Siwema alisafiri nalo milima saba na kwamba lilimfundisha kuimba. Kumbe lipo kurasa mbili tu. Linamwuliza njia, linamwambia "Chuya zako ni mchele wa mwenzio," linakwenda zake. Hizo safari nyingine zote niliziongeza mwenyewe nikiwa nimelala kitanda kimoja na wadogo zangu, miguu ya mtu usoni.

Mshangao wa pili haukunichekesha. Katika kitabu kile kuna mama. Mama yake Siwema ndiye mlinzi wa komeo la lango la mji. Nilimkumbuka pale mwisho tu anapofungua lango, mengine yake sikuyakumbuka hata kidogo. Nilipokuwa mtoto nadhani nilikuwa naziruka sehemu zake, maana hakuna kinachotokea kwake: amekaa ndani, amelaza mkono juu ya komeo, anasikiliza. Kila Siwema anapofika pahali papya, sura inayofuata inaanza na mama yake amekaa. Safari hii nilizisoma hizo. Za jini nikawa naziruka.

Ikanijia kwamba sikuanza kukaa ndani siku ya msiba. Baba yako, Mungu amrehemu, alipotujengea hapa Boko alijenga ukuta kwanza, nyumba baadaye. Alikuwa anaogopa wezi, alikuwa kutwa yuko Kurasini na makontena yake, alitaka akiwa kule moyo wake utulie. Hakunifungia. Mimi ndiye niliyeanza kusema leo jua kali, leo barabara ina vumbi, leo nani atamfungulia fundi. Sokoni ukawa unakwenda wewe. Harusini nikawa natuma zawadi. Mpaka eda inafika, ilinikuta nimeshakaa.

Sasa nikupeleke kwenye mwisho wa kitabu, kwa maana ndio uliosababisha ya leo.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa anauza bajia pale mlangoni kwetu Temeke. Alifungia kwenye magazeti ya zamani. Jioni moja magazeti yalimwishia na wateja wamejaa, akanyoosha mkono nyuma yake bila kutazama, akachana kilichokuwepo. Kilikuwa kitabu changu, na alichana kutoka nyuma. Mimi nilikuwa nimefika pale Siwema amerudi, amelowa chapachapa, amesimama nje ya lango, ameinua mkono kubisha hodi. Nilipotoka ndani kukichukua, mwisho wa hadithi ulikuwa umeshaondoka mtaani ukiwa umelowa mafuta. Nilimkimbilia mteja mmoja mpaka kona. Alikuwa ameshajifutia mdomo.

Nililia vibaya sana. Bibi yako akaniita, akanikalisha kwenye kigoda, akaniambia, "Nyamaza bwana, mie naujua ulivyoisha." Nikanyamaza. Akasema Siwema alibisha hodi, mama yake akamfungulia, akamfuta maji mwili mzima kwa kanga, akamfuta mpaka katikati ya vidole. Halafu akalifunga lango, na Siwema hakutoka tena, na mji ukasalimika.

Bibi yako hakujua kusoma, Zuhura. Hilo nilikuwa nalijua, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua zake. Lakini jioni ile nilimwamini, na mwisho ule nikauchukua ukawa wa kitabu. Ndio niliokuhadithia wewe. Ulikuwa unaniuliza kila mara, "Kwa nini hakutoka tena?" Nami nakujibu, "Kwa sababu ameshafika kwao." Ulikuwa hupendi jibu lile. Ulikuwa unageukia ukutani.

Jana nimeufikia mwisho wenyewe. Nililamba kidole mara mbili kabla ya kufunua ukurasa, mtu mzima mimi.

Siwema anabisha hodi. Mama yake anafungua. Anataka kumvuta ndani amfute, na Siwema anakataa. Anasema hakuja kukaa, amekuja kumwonyesha. Anakamua nguo yake, anakinga kwa kiganja maji ya mvua aliyoyabeba njia nzima, anamwambia mama yake ayaguse. Matone yanadondoka kizingitini. Mji hauyeyuki. Kinachoyeyuka ni kizingiti tu, kiasi cha unyayo, lakini tangu hapo lango halikai sawa, halifungiki tena. Siwema anaondoka. Mama anabaki amesimama pale, na sentensi ya mwisho ya kitabu inamwacha ametoa mguu mmoja nje.

Nilikasirika, mwanangu. Nilikifunga nikakitupa kwenye kochi, shangazi yako akauliza kuna nini, nikasema mbu. Nilimkasirikia bibi yako aliyeko kaburini, nikaona amenidanganya maisha mazima kwa sababu ya bajia. Halafu hasira ikanigeukia mwenyewe, kwa sababu nilikumbuka Tanga.

Habari za Tanga hujawahi kuzisikia. Nilipomaliza shule nilipata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi kule. Sanduku lilikuwa limefungwa. Bibi yako akapata homa. Nikamwambia, "Mama, au nikae mpaka upone?" Hakunikataza. Hakuniambia kaa, hakuniambia nenda. Aligeuza uso akasema, "Utakavyoona mwenyewe." Nikafungua sanduku. Wiki ile ile alikuwa mzima, yuko mlangoni anakaanga, na mimi nimekaa pembeni yake nakata karatasi za kufungia. Usije ukasema sikwenda kwa sababu ya kitabu au kwa sababu ya homa. Niliogopa kwenda, na maneno yale yalinipa pa kujificha. Lakini yeye naye alijua anachokisema. Mtu akikuambia kaa, unaweza kubishana naye. Akikuambia utakavyoona mwenyewe, unabishana na nani?

Na juzi, ulipokuja ukakaa hapa mkekani ukaniambia, "Mama, nitaomba chuo waniahirishie, masomo ya maabara hayakimbii, nitakwenda mwakani ukishatoka eda," mimi nilikujibu nini? Unakumbuka. Nilisema, "Utakavyoona mwenyewe." Kwa sauti ile ile. Hata uso niligeuza.

Kuna jingine, na hili ni baya zaidi. Shangazi yako alipokuambia kwamba binti wa mfiwa haondoki nyumbani mpaka mama yake atoke eda, ati akiondoka anamtilia mama mkosi, mimi nilikuwepo. Ulinitazama. Nikajifanya navuta uradi. Zuhura, hakuna kitu kama hicho. Nilimuuliza mke wa ustadhi alipokuja kunikalia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nani kakwambia? Eda yako wewe, mwanao inamhusu nini? Mwache mtoto akasome!" Hiyo ni wiki nzima iliyopita. Niliujua ukweli wiki nzima, nikakutazama unavyokunja nguo na kuzikunjua, nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu naogopa. Nakuambia waziwazi ili usitafute sababu nyingine. Naogopa kubaki humu na ule ufa. Nawaza utaondoka saa kumi na moja alfajiri, na adhuhuri itafika, na hakutakuwa na mtu wa kuniletea umbea wa barabarani. Kukupenda nakupenda, lakini kilichoniziba mdomo ni woga.

Shangazi yako usimchukie. Amemzika kaka yake wa pekee. Sidhani kama aliutunga uongo ule kwa ubaya. Nadhani hataki kumwona mtu mwingine anatoka kwenye lango hili, basi akatafuta sheria ya kumsaidia, kama bibi yako alivyotafuta mwisho. Watu wanaotupenda hawatufungii kwa minyororo, wanatufutafuta maji tu kwa kanga, na kanga ni laini. Mwamkie kesho kwa adabu, mpigie shikamoo yake, umbusu mkono. Nitabaki naye mimi, na nina maneno naye.

Ukifika huko nitakupigia simu, na mimi najijua. Nitakohoa. Nitasema "Hapana, mzima tu, ni kifua tu hiki." Nitakuambia wali umenishinda kula peke yangu. Nikikohoa niulize kama nimekunywa dawa, usiniulize kama urudi. Ukisikia nimesema "utakavyoona mwenyewe," nikatie simu. Nakupa ruhusa, na nitakuja juu, na wewe usijali. Ukitaka kurudi kwa sababu umechoka, umefeli, umegombana na watu, au umeitamani tu nyumbani, rudi, hapa ni kwenu na sahani yako ipo. Usirudi kwa ajili ya kikohozi changu.

Utakutana na mambo utakayotaka kuyakumbuka makubwa kuliko yalivyokuwa. Yakumbuke hivyo hivyo, hayana madhara. Mimi lile jitu bado nalitaka na milima yake saba. Ila siku ukiwa mtu mzima ukarudia kitabu ulichokipenda, au nyumba, au mama, uwatazame na wale uliowaruka. Mimi nimechelewa kumtazama mama yangu pale kwenye karai lake. Alikuwa na binti mmoja tu anayejua kusoma.

Kitabu nimekutilia chini ya nguo zako. Mwisho wake nimeshakuambia, kwa hiyo huna haja ya kukimbilia. Anza na jitu.

Kuhusu kesho. Unajua baba yako alivyokuwa akitoka alfajiri kwenda Kurasini: alikuwa analivuta komeo mwenyewe, linapiga ukelele mtaa mzima uamke, na mimi nalirudisha nyuma yake. Tangu siku ile waliyomtoa sijaligusa. Shangazi yako ndiye anayefungua na kufunga, na ameniambia mwenye eda hata getini hafiki. Na hilo nimeuliza. Uwanja ni nyumbani kwangu. Kwa hiyo kesho asikushike mtu begi wala asikufungulie mtu. Nitakuja mpaka getini na nguo zangu hizi, na komeo nitalivuta mimi. Mguu wangu sitautoa nje, siku yake haijafika. Wanawake wengine wakitoka eda huvalishwa nguo mpya wakapelekwa kwa jamaa kula wali. Mimi mtakaponivalisha, nitapanda basi la Mbeya. Nataka kuiona hiyo mvua wanayoisema.

Muuza samaki ameshapita, jua limefika kwenye ufa. Ungekuwa umesharudi. Nimeanza kuwaza kwamba umekwenda kwa rafiki zako kukaa tu, urudi useme Manzese mabegi yameisha.

Komeo hilo limelia. Shangazi yako anatoka kukufungulia, nasikia ndala zake. Anasema, "Umechelewa wapi wewe?" Sijasikia ulivyojibu. Anasema tena, sauti juu, "Na hilo la nini sasa, Zuhura?"

Nayasikia magurudumu kwenye kokoto, yanakuja, yanakwama kwenye kile kidaraja cha mlangoni, unalinyanyua, yanaendelea.

Alhamdulillahi. Nalia, lakini wewe ingia. Na kesho ukishapita, lango usilirudishe. Liache wazi kidogo, nitasimama pale mpaka jua litoke.

Mama yako, aliye ndani kwa sasa.